Tunajua Chakula Kizuri, Lakini Saa Sita Inatushinda



Leo napenda tuongee juu ya chakula, lakini bila orodha ya vitamini. Orodha hiyo munaijua. Muulize mfanyakazi yeyote hapa Lubumbashi, wa biro, wa banki, wa shule, wa kampuni ya migodi: kati ya sahani ya maharage na lengalenga, na vitumbula vitatu na sukre, kipi kinafaa mwili? Hakuna atakayekosa jibu. Kisha muangalie huyohuyo saa sita, anakula nini.

Mimi nilisoma agronomia. Katika fani yetu tumezoea kuwaza hivi: tukizalisha mboga za kutosha, na tukieleza watu faida yake, watakula. Mboga ziko. Tangu mwaka 2000, FAO kwa msaada wa Ubelgiji ilisaidia kilimo cha mboga ndani na kandokando ya miji yetu, Lubumbashi na Likasi zikiwemo. Asubuhi na mapema utaona wamama wanashusha mafungu ya lengalenga na matembele kwenye soko ya komini ya Kenya. Maelezo nayo yako: kwenye radio, kwenye hospitali, hata kanisani. Lakini kati ya soko na kinywa kuna mahali tunaposahau, ni kichwa cha mtu. Ndimo uamuzi unafanyika. Tukitaka kujua juu ya nini mtu mwenye kazi na mwenye masomo anakula vibaya, tuingie humo.

Sisemi kama pesa si kitu. Mtu ambaye mshahara wake umechelewa miezi mitatu hachagui, anakula kile kinapatikana. Naongea juu ya sisi wenye kipato, hata kidogo, wenye uwezo wa kuchagua. Fanya hesabu yako mwenyewe kwa wiki moja: vitumbula vya asubuhi, sukre ya saa sita, kipande cha nyama ya kuchoma ya jioni. Weka jumla yake karibu na bei ya meka moja ya maharage na mafungu machache ya mboga. Wengi wetu tutakuta kwamba pesa ya kula vizuri ilikuwepo, ila ilipita njia nyingine.

Njaa inabadilisha muamuzi

Jambo la kwanza ni saa. Mfanyakazi wa mji wetu anatoka nyumbani saa kumi na mbili, mara nyingine kumi na moja, ili apate taksibisi. Wengi wanaondoka na chai tupu, au bila kitu. Saa sita ikifika, njaa ni kubwa. Na mtu mwenye njaa kubwa hachagui kama mtu aliyeshiba.

Mwaka 1998, watafiti wawili, Daniel Read na Barbara van Leeuwen, walitoa utafiti walioufanya kwa wafanyakazi huko Amsterdam. Waliwauliza wachague kitu watakachokula wiki ijayo, kati ya vitu vyenye afya na vitu vya utamu na mafuta. Wiki ilipofika, wakawapa nafasi ya kuchagua tena, palepale, kitu mkononi. Wengi waliokuwa wamechagua kitu chenye afya walibadilika. Wale waliokuwa na njaa saa ya kuulizwa, hata kwa wiki ijayo, walivutwa zaidi na vile vya utamu.

Maana yake ni rahisi. Mtu wa Jumapili jioni, aliyeshiba, anayesema "kesho naanza kula mboga", hadanganyi. Anasema ukweli wake. Lakini kesho saa sita atakayechagua ni mwingine: ana njaa, ana dakika thelathini, na mbele yake mafuta yanalia kwenye kikaango. Kwake tansio ya miaka ishirini ijayo ni habari ya mbali sana. Kitumbula kiko karibu. Ndiyo maana kumwambia mtu huyo "uwe na nia" hakusaidii sana. Nia alikuwa nayo. Iliulizwa saa mbaya.

Mazoea hayaombi ruhusa

Jambo la pili ni mazoea. Kitu ukikifanya mara nyingi mahali pamoja, saa ileile, kichwa kinaacha kukijadili. Unashuka taksibisi, unaona meza ya mama wa vitumbula, mkono uko tayari mfukoni. Hukuamua. Mahali penyewe pamekuamulia.

Mwaka 2010 Phillippa Lally na wenzake wa University College London walitoa utafiti juu ya jambo hili. Watu 96 walichagua kila mtu tendo moja dogo la kila siku, kama kula tunda saa ya chakula cha mchana au kunywa maji baada ya chakula cha asubuhi. Ilichukua katikati ya siku 66 mpaka tendo lifanyike bila kujisukuma. Kwa wengine siku 18 zilitosha, na kwa wengine hesabu ilifika siku 254. Tena waliona kwamba kukosa siku moja hakuharibu kazi yote.

Nawaombeni mushike namba hizo, maana wengi tunajipa wiki moja. Ikipita na bado tunajilazimisha, tunasema: "Mimi siwezi, niko hivi." Uko sawa na wengine wote. Wiki moja ni mapema tu.

Bukari, posho na heshima

Jambo la tatu ni la kwetu kabisa, na bila historia halieleweki. Chakula kinajaza tumbo, lakini pia kinasema mtu ni nani.

Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Ilileta wafanyakazi kutoka mbali, na pamoja na mshahara ikawa inawapa posho: unga wa mahindi na vyakula vingine. Baada ya serikali kuichukua mwaka 1967, Gécamines iliendelea na desturi hiyo. Katika makambi ya wafanyakazi, mfuko wa unga mlangoni ulikuwa alama: humu kuna baba mwenye kazi. Kisha kampuni ikaanguka, posho ikakatika, na mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya elfu kumi wakaanza kuondoka kwa ile tunaita "departi volontere". Wazazi wetu wakieleza miaka ile ya shida, mara nyingi utasikia neno hili: "Tulikuwa tunakula majani tu."

Sikilizeni vizuri hiyo "tu". Ndani yake kuna uzito kuliko mafundisho yote ya lishe. Mtoto aliyekua akisikia kwamba majani ni chakula ya shida, siku anapata kazi ya kwanza, hatapeleka matembele nyumbani. Atapeleka kuku. Atanunua unga mweupe kabisa, uliotolewa maganda na kiini, ingawa humo ndimo nyuzi na sehemu kubwa ya vitamini vya mahindi vilikuwa. Na mbele ya wageni ataweka sukre mezani kuliko munkoyo. Tusiite hiyo ujinga. Anawaambia wazazi wake: shida imeisha.

Basi ukimjia na karatasi inayosema lengalenga ina chuma na vitamini, unajibu swali ambalo hakuuliza. Swali lake ni: nikila hii, watu watasema nini juu yangu?

Lakini maana ya chakula inabadilika. Angalia sombe. Ni majani kama matembele. Ikitiwa mawese, karanga na samaki, inakaa kwenye meza ya harusi na hakuna anayeona haya. Njo kusema aibu haiko kwenye jani. Iko kwenye habari tunayolipa jani, na habari hiyo sisi wenyewe tunaweza kuibadilisha.

Macho ya wenzako

Jambo la nne ni wenzetu wa kazi. Tunakula tukiangalia wengine: wakiongeza, tunaongeza, wakiagiza sukre, mtu anayeagiza maji anaonekana kama mgonjwa au mchoyo. Na kijana mpya kazini anaogopa kuonekana mchoyo kuliko anavyoogopa sukari kwenye damu.

Hapa tuseme kidogo juu ya sukre yenyewe. Chupa ya sentilita 33 kwa kawaida ina karibu gramu 35 za sukari, yaani vijiko vidogo vya chai kama vinane. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi karibu gramu 50 kwa siku kwa mtu mzima, na ni vizuri zaidi ikibaki chini ya 25. Chupa moja ya kumfurahisha mwenzako imepita hiyo 25.

Pa kazi yangu, aliyekuja na gameli yake kutoka nyumbani alikuwa anajificha. Siku moja kijana mmoja wa magari alimkuta mwenzetu anakula lengalenga, akamwambia mbele ya watu: "Enjenieri, unakula majani sawa mbuzi? Mushahara yako iko inaenda wapi?" Kabla hajajibu, Mama wa kontabilite, mtu mzima tunayemheshimu wote, akasema: "Yake iko inaenda ku minervale ya batoto. Yako, mwana wangu, iko inaenda ku sukre." Watu walicheka sana. Lakini kesho yake gameli mbili nyingine zilitoka mafichoni.

Mimi naona somo kubwa pale. Hakuna aliyepewa maelezo mapya ya lishe. Mtu mmoja wa heshima alibadilisha maana ya gameli mbele ya watu, na wengine wakapata ruhusa.

Usingizi na mawazo

Jambo la tano halionekani kama jambo la chakula. Mwaka 2004, kwenye Chuo Kikuu cha Chicago, Karine Spiegel na wenzake walifuata vijana 12 wenye afya. Kwa siku mbili waliwaacha walale saa nne tu kwa usiku, na kwa siku mbili nyingine walale mpaka saa kumi. Walipolala kidogo, leptini, homoni inayoambia kichwa "nimeshiba", ilishuka kwa asilimia 18. Grelini, inayoita njaa, ilipanda kwa asilimia 28. Na hamu iliyopanda zaidi ilikuwa ya vitu vya sukari, vya chumvi, na vya wanga.

Sasa tuwaze maisha yetu. Umeme unarudi saa tano ya usiku, ndipo unapiga pasi nguo na kuchaji simu. Saa kumi na nusu umeamka. Kichwani una kodi ya nyumba, mdogo wako anayengoja pesa ya shule, mkubwa wa kazi asiyejulikana atasaini lini. Mtu mwenye mawazo mengi hivi anatafuta kitu cha kumtuliza haraka, na utamu unatuliza kwa dakika chache. Tukimwita mlafi tunamkosea. Mara nyingine dawa ya kula vizuri inaanza na kulala mapema siku mbili tatu za wiki.

"Nimeshaharibu"

Jambo la sita ni mtego wa wale wanaojitahidi sana. Watafiti wawili wa Kanada, Janet Polivy na Peter Herman, waliona jambo la ajabu kwa watu wanaojibana kwa chakula: wakivunja sheria yao kidogo, hawasimami pale, wanaendelea kula zaidi. Kichwa kinasema: "Siku imeshaharibika, basi tumalizie." Kwetu ni hivi: mtu anakata sukre, nyama na mafuta, vyote pamoja, tarehe mosi Januari. Tarehe nne kuna matanga au ubatizo, anakula kama wengine. Tarehe tano anarudia yote ya zamani, na moyo umevunjika.

Sheria kali inavunjika upesi. Afadhali badiliko dogo linaloweza kuvumilia matanga, ubatizo na mwisho wa mwezi.

Tufanye nini?

Kama shida iko kwenye saa, mazoea, macho na uchovu, dawa nayo itafutwe palepale. Nataja nne tu.

Kwanza, amua mbele ya njaa. Siku ya mshahara, mbele ya kupita popote, nunua maharage na ndakala za mwezi. Maharage yaloweke usiku, maji yamwage, yapike kwa wingi mara moja. Utaokoa makala kwenye mbabula na muda wako. Asubuhi, hata kiazi kitamu kimoja cha kuchemsha na karanga kidogo kinatosha ili saa sita isikukute mateka.

Pili, sema lini na wapi. Peter Gollwitzer, mtaalamu wa saikolojia, alionyesha mwaka 1999 kwamba mpango wenye "ikiwa hivi, nitafanya vile" unatimizwa kuliko nia tupu. Usiseme "nitakula matunda". Sema: "Nikishuka taksibisi jioni, nitanunua ndizi mbili kwa mama wa kona, mbele ya kuvuka barabara." Shirika la Afya Duniani linashauri gramu 400 za mboga na matunda kwa siku. Usianze na 400. Anza na ndizi za kona.

Tatu, jifunze kupika, hasa sisi vijana wanaume. Wengi wanapata kazi Kolwezi au Fungurume, wanaishi peke yao, na hawajui hata maharage yanapikwa saa ngapi. Albert Bandura, ambaye tangu 1977 aliandika juu ya imani ya mtu katika uwezo wake, alieleza kwamba imani hiyo inakua zaidi kwa kufanya na kufaulu kuliko kwa kusikia maneno. Pika mboga moja mpaka uiweze, kisha ya pili. Yaya au mama yako atakucheka kwenye simu, lakini atakueleza.

Nne, fanya likelemba ya chakula. Likelemba ya pesa tunaijua wote. Pa kazi yetu, baada ya maneno ya yule Mama, tuliunganika watu watano. Kila mtu ana siku yake: anapika kwa watano, anakuja na gameli kubwa, siku nne nyingine anakula bila kupika. Sheria ni moja: kila siku kuwe na majani au maharage. Siwadanganyi, mwisho wa mwezi inayumba, na wiki moja hakuna aliyepika. Tuliendelea wiki iliyofuata. Likelemba inafaa juu inashika mambo yote pamoja: uamuzi umefanywa mbele ya njaa, macho ya wenzako yanakusaidia badala ya kukuaibisha, gharama inagawanyika, na asiyejua kupika anajifunza kwa lazima, maana watu wanne wenye njaa watamngoja.

Mwili wenye deni

Kuna wasomaji watasema: tuko vijana, tansio na sukari ni magonjwa ya wazee. Lakini tansio inaweza kukaa mwilini miaka bila alama yoyote. Mtu anaijua siku ya kuanguka. Mazoea tunayojenga sasa, na mshahara wa kwanza, ndiyo tutakayokuwa nayo tukifika miaka arobaini na mitano.

Na kwetu mtu haanguki peke yake. Hospitali inalipwa mkononi. Mfanyakazi akilala kitandani, mchango unazunguka kwa ndugu, minervale ya watoto inasimama, kiwanja kinauzwa. Wengi kati yetu tulisoma kwa sababu nyumba nzima ilijibana: yaya aliacha shule, mama aliuza sokoni, mjomba alituma pesa, ili mtoto mmoja afike lisansi. Wote hao wanangoja mtoto huyo asimame miaka mingi.

Kwa hiyo saa sita, ukifungua gameli ya lengalenga na mtu akikuuliza mshahara unaenda wapi, una jibu. Mshahara ukitoka, nunua meka ya kwanza ya maharage siku ileile, na uite wenzako wanne.